Tsunami Yatima na Miti Iliyokufa Imesimama

Usiku wa manane, Januari 1700, bahari ilipanda na kuingia Kuwagasaki, kijiji cha wavuvi kando ya Miyako, kaskazini-mashariki mwa Japani. Ardhi haikuwa imetikisika. Maji yalibomoa nyumba 13, kisha moto ukazuka na kuteketeza nyingine 20. Wakazi walikimbilia mlimani. Baada ya hapo maofisa wa Miyako wakaanza kugawa chakula kwa watu 159.

Mamia ya kilomita kusini, huko Miho, mkuu wa kijiji aliandika tukio hilohilo kwa mshangao ambao bado unasomeka. Maji yalikuja mithili ya bamvua iliyopita kiasi, yakapanda na kurudi mara saba hivi asubuhi ile. Alishauri wazee na watoto wapelekwe kwenye hekalu. Kilichomtatiza kilikuwa kimoja: yeye, kama watu wote wa pwani ile, alijua kwamba mawimbi ya namna hiyo hutanguliwa na tetemeko. Safari hii hakuna kilichotangulia.

Wataalamu wa Japani huiita tsunami ya aina hii yatima, kwa kuwa mzazi wake hajulikani.

Leo mzazi anajulikana. Ni tetemeko lililopiga upande wa pili wa Bahari ya Pasifiki tarehe 26 Januari 1700, mnamo saa tatu usiku. Na hiyo saa tatu usiku ndiyo iliyonikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa. Katika pwani iliyotikisika hakukuwa na mtu mwenye saa wala karatasi. Ukiambiwa kwamba tetemeko la miaka zaidi ya 300 iliyopita, ambalo hakuna aliyeliandika mahali lilipopiga, lilitokea saa tatu usiku, una haki ya kuuliza: mmejuaje?

## Pwani iliyodhaniwa imetulia

Pwani yenyewe inaitwa Cascadia. Inaanzia kisiwa cha Vancouver nchini Kanada, inapita majimbo ya Washington na Oregon, na kuishia Cape Mendocino, kaskazini mwa California. Ni kama kilomita 1,100. Baharini, bamba dogo la gamba la dunia liitwalo Juan de Fuca linajisukuma chini ya bamba la Amerika Kaskazini, sentimita tatu hadi nne kila mwaka.

Kila mahali duniani ambapo bamba la bahari huzama chini ya bara, swali la kwanza ni kama mabamba hayo yanateleza taratibu au yamekwama. Yakiteleza, hakuna neno. Yakikwama, nguvu hujikusanya kwa karne kadhaa kisha huachiliwa kwa dakika chache.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 wengi waliamini Cascadia inateleza. Hoja yao ilikuwa nyepesi na yenye mvuto: tangu watu waanze kuweka maandishi kwenye pwani ile, hakuna tetemeko kubwa lililotoka kwenye mpaka huo wa mabamba. Miaka 200 ya ukimya.

Mwaka 1984 wataalamu wa matetemeko Thomas Heaton na Hiroo Kanamori walilinganisha Cascadia na sehemu nyingine za aina yake. Waliona inafanana na kusini mwa Chile: bamba changa, lenye joto, linalong'ang'ania linapozama. Chile ndiko lilikotokea tetemeko la 1960 la ukubwa wa 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa kwa vyombo. Lakini mfanano hautoshi kuwa ushahidi. Mji haujengwi upya wala bandari haihamishwi kwa sababu pwani yako inafanana na ya Chile.

Palihitajika kitu cha kushikika, na kanuni yenyewe ya kukwama ilielekeza pa kukitafuta. Mabamba yakiwa yamekwama, ukingo wa bara ulio baharini huvutwa chini pamoja na bamba linalozama, na ardhi iliyo nyuma yake, yaani pwani, huvimba kidogo kidogo kwenda juu. Siku mshiko unapoachia, mambo hugeuka: ukingo wa baharini huruka juu na kubeba maji yote yaliyo juu yake, hiyo ndiyo tsunami, na pwani iliyovimba hushuka. Hushuka nusu mita, mita, hata mbili, kwa dakika chache.

Basi kama Cascadia iliwahi kuachia, kuna mahali ambapo nchi kavu iligeuka kuwa tope la bahari kwa usiku mmoja.

## Koleo, mtumbwi na maji ya kupwa

Mwaka 1986 Brian Atwater, mjiolojia wa shirika la jiolojia la Marekani, alianza kuzitafuta alama hizo Neah Bay, jimboni Washington, kisha akaingia Ghuba ya Willapa na mito yake midogo, kama Niawiakum. Vifaa vyake vilikuwa mtumbwi na koleo la kukunja la kijeshi. Kazi ya aina hii hufuata ratiba ya bahari: unaingia maji yakipwa, kingo za hori zikiwa wazi, na una saa chache tu kabla hayajarudi.

Unakwangua ukingo uliosimama wima hadi uso wake uwe safi kama mkate uliokatwa kwa kisu, kisha unasoma kutoka juu kwenda chini.

Juu kabisa kuna majani ya kinamasi cha leo, hai. Chini yake tope la kijivu, kama mita moja, lenye mistari myembamba iliyowekwa na maji yakijaa na kupwa. Halafu, mahali pengi, tabaka la mchanga la sentimita chache. Chini ya mchanga huo kuna udongo wa kahawia iliyokolea, umejaa mizizi, majani yaliyoozea ndani na visiki. Huo ulikuwa uso wa nchi.

Kinachomsimamisha mtu ni mstari kati ya udongo na tope. Ni mkali, unaweza kuweka ncha ya kisu juu yake. Kama bahari ingepanda polepole kwa miaka mia mbili, ungekuta hatua za katikati: msitu ungepisha majani ya kinamasi cha juu, hayo yangepisha majani yanayovumilia chumvi zaidi, mwishowe tope tupu. Kila hatua ingeacha mizizi yake, na diatomu zake, vile viumbe vya mwani visivyoonekana kwa macho ambavyo kila aina ina kiwango chake cha chumvi. Hapa hatua hazipo. Msitu, kisha tope.

Kuna jambo dogo zaidi ambalo kwangu ndilo linalofunga mjadala. Mashina ya majani yaliyoota kwenye ule udongo wa zamani bado yamesimama, mizizi ikiwa chini mahali pake, na vilele vikiwa vimezungukwa na mchanga na tope. Jani lililokufa likiachwa wazi halichukui miaka mingi kuoza. Kwa hiyo kufukiwa kulikuja karibu mara moja baada ya kushuka.

Na mchanga je? Pingamizi la kwanza lilikuwa dhoruba, la pili mafuriko ya mto. Yote mawili ni ya haki na yalistahili kujibiwa. Mchanga huo unapungua unene kadiri unavyopanda mto kutoka baharini, kinyume na mchanga wa mafuriko. Ndani yake mna diatomu za maji ya chumvi. Na umelala juu ya uso uleule ulioshuka. Dhoruba inaweza kuleta mchanga, ila haiwezi kushusha nchi mita moja katika wiki ileile ilipouleta.

Kwenye mto Salmon, Oregon, chini ya mchanga huo kulikutwa majiko ya mafiga, mawe yakiwa yamepasuka kwa moto.

Watu walikuwa wakipika pale.

## Kaboni ilipoishia

Hadi hapo jibu ni "ndiyo, iliwahi kuachia". Swali la lini ni gumu zaidi, na ndani yake kulikuwa na hatari ambayo wasomaji wengi huipita haraka.

Upimaji wa kaboni ya mionzi, unaokadiria umri wa kitu kilichowahi kuishi, kwenye visiki na majani yale ulitoa jibu zuri: miongo michache kuzunguka mwaka 1700. Ulipofanywa kwa uangalifu wa hali ya juu, ukakaribia zaidi, lakini bado ulibaki na nafasi ya miaka kama 20. Tatizo liko ndani ya hiyo 20. Tetemeko moja la ukubwa wa 9 linalopasua kilomita 1,100 kwa mara moja, na mfululizo wa matetemeko manne au matano ya ukubwa wa 8, kila moja likipasua kipande chake ndani ya miaka 20, yote yangetoa tarehe zilezile za kaboni. Kwa mhandisi wa daraja au hospitali, hizo ni hatari mbili tofauti kabisa. Nguvu inayoachiwa na tetemeko la 9 ni kama mara 32 ya ile ya 8, mtikisiko hudumu dakika badala ya sekunde, na msaada hautoki mji wa jirani kwa sababu nao umeanguka.

Kaboni haikuweza kusema ni lipi kati ya hayo. Miti iliweza.

Kwenye mto Copalis, Washington, kuna msitu unaoitwa wa mizimu: mashina ya kijivu, hayana gome wala matawi, yamesimama katikati ya kinamasi cha chumvi. Ni mierezi myekundu. Misonobari ya Sitka iliyokufa pamoja nayo iliozea hadi kubaki visiki ndani ya tope, lakini mwerezi una mafuta yanayozuia kuoza, kwa hiyo maiti zake zimesimama karne tatu. Ardhi iliposhuka, maji ya chumvi yakaifikia mizizi, na mti ukafa.

David Yamaguchi, mtaalamu wa pete za miti, alizisoma pete zake. Mti katika hali ya hewa kama ile huongeza pete moja kila mwaka, nene mwaka mzuri, nyembamba mwaka mbaya, na mpangilio wa nene na nyembamba kwa miaka 200 au 300 haujirudii. Unachukua mierezi hai iliyozeeka ya eneo lilelile, ambayo pete yake ya mwisho unaijua mwaka, unapanga mfululizo wake kama mistari, kisha unausogeza mfululizo wa mti uliokufa mbele na nyuma hadi mistari iingiane. Ikiingiana, kila pete ya mti uliokufa inapata mwaka wake.

Jaribio la kwanza liliishia njiani. Mashina ya Copalis yamepigwa na upepo na mvua miaka 300, na pete za nje zimeliwa. Pete ya mwisho iliyobaki ilikuambia tu kwamba mti ulikuwa hai hadi mwaka fulani wa miaka ya 1600, si kwamba ulikufa mwaka gani. Ni kama kitabu kilichochanwa kurasa za mwisho.

Kurasa hizo zilikuwa chini. Mizizi ilibaki ndani ya tope lisilo na hewa, na baadhi yake bado ilikuwa na gome. Penye gome, pete ya mwisho chini yake ndiyo ya mwisho kweli.

## Wajapani wakatangulia

Hapa ndipo mambo yalipogeuka, na mpangilio wa matukio ni muhimu kuliko unavyosimuliwa kwa kawaida.

Januari 1996 Kenji Satake, mtaalamu wa matetemeko wa Japani, na wenzake walichapisha hoja: tsunami yatima ya Kuwagasaki na Miho ilitoka Cascadia. Walikuwa wamesikia kwamba Wamarekani wana tetemeko kubwa lisilo na tarehe, na wao walikuwa na tarehe isiyo na tetemeko.

Kwanza ilibidi waivuke kalenda. Maandishi ya Kuwagasaki yanasema mwaka wa 12 wa enzi ya Genroku, mwezi wa 12, siku ya 8. Sehemu kubwa ya mwaka wa 12 wa Genroku ni 1699 kwetu, na mtu mwenye haraka angeandika 1699. Lakini kalenda ile ilifuata mwezi mwandamo, na mwezi wake wa 12 uliangukia Januari. Siku ile ni 27 Januari 1700.

Kisha wakaondoa washukiwa wengine. Amerika Kusini ilikuwa na maandishi ya Kihispania tangu karne ya 16, na hakuna tetemeko kubwa la wakati ule. Alaska na visiwa vya Aleuti vilibaki, ila tsunami haisambai sawasawa kama duara la jiwe bwawani. Nguvu yake kubwa huelekea pande mbili, kwa pembe mraba na mstari wa mpasuko. Mpasuko wa Alaska hulenga kusini na kusini-mashariki, si Japani. Wa Cascadia hulenga magharibi.

Urefu wa mawimbi nao haukuandikwa kwa mita. Uliandikwa kwa vitu: maji yameingia ghalani, yamefika barabarani, yamebomoa nyumba. Kwa hiyo watafiti walilazimika kutafuta ghala lile lilikuwa wapi kwenye ramani za zamani, kupima mwinuko wa pale leo, kuondoa kiasi ambacho ardhi imeshuka au kufukiwa tangu hapo, na kuondoa kimo cha maji ya kawaida ya usiku ule. Walipata kati ya mita 1 na 5 kutegemea mahali. Kwa wimbi lililovuka Pasifiki nzima, hicho ni kimo cha tetemeko la karibu 9.

Mizizi ya mierezi sasa ikawa kipimo cha hoja ya Satake. Kama Wajapani walikuwa sahihi, kila mwerezi uliokufa siku ile lazima uwe na pete kamili ya 1699 na usiwe na hata chembe ya 1700. Mzizi mmoja wenye pete ya 1700 au 1705 ungetosha kuvuruga yote.

Mizizi ilichimbwa kwenye mito kadhaa ya kusini mwa Washington, ikapigwa msasa hadi chembe za mbao zionekane kwa darubini. Mwanzoni mwa msimu mti hutengeneza chembe kubwa zenye kuta nyembamba. Mwishoni hutengeneza ndogo, zenye kuta nene, nyeusi kidogo. Chini ya gome, pete ya mwisho ilikuwa ya 1699, imefungwa na chembe zake ndogo. Hakuna kilichoanza baada yake.

Mti ulimaliza msimu wake wa 1699, kama Agosti, na haukuamka Mei 1700. Matokeo yalichapishwa 1997. Kaboni iliacha miaka 20. Miti iliacha miezi tisa, na katikati ya miezi hiyo kuna usiku wa Kuwagasaki.

## Hesabu ya saa tatu

Sasa naweza kulijibu swali lililoniudhi.

Tsunami katika bahari kuu huenda kwa kasi inayotokana na kina tu: unazidisha kina kwa mvuto wa dunia, 9.8, kisha unachukua kipeuo cha pili cha jawabu. Kina cha mita 4,000 kinatoa mita 198 kwa sekunde, zaidi kidogo ya kilomita 710 kwa saa. Njia ya Cascadia hadi Japani ni kama kilomita 7,500 na sehemu kubwa ina kina kinachozidi hapo, kwa hiyo safari ilichukua takriban saa 10.

Maji yalifika Kuwagasaki karibu na saa sita usiku wa kuamkia 28 Januari. Saa za Japani ziko mbele ya zile za pwani ya Washington kwa saa 17. Kwa hiyo saa sita usiku ya Japani ni saa moja asubuhi ya 27 Januari kule. Ondoa saa 10 za safari, unafika saa tatu usiku, 26 Januari 1700.

Neno "mnamo" linabaki pale kwa sababu ya haki. Saa moja ya Kijapani ya enzi ile ilikuwa sawa na karibu saa mbili zetu, na hakuna aliyekuwa anaangalia dakika nyumba ikienda na maji.

Mwaka 2003 Satake, Kelin Wang na Atwater walirudia hesabu za mawimbi na kupata ukubwa kati ya 8.7 na 9.2, mpasuko wa kilomita 1,100, na mabamba kuteleza wastani wa mita 19.

Shaka haijaisha yote, na afadhali isemwe. Mwaka 2021 mtaalamu wa matetemeko Diego Melgar alionyesha kwamba tetemeko moja kubwa lisilopasua ukanda mzima, likifuatana na mengine madogo yaliyoshusha vipande vilivyobaki, linaweza pia kueleza mawimbi ya Japani na pwani iliyoshuka. Pete za miti zinafunga mlango kwa miezi, hazifungi kwa siku, na zilisomwa Washington, si pwani yote. Ninaegemea tetemeko moja, kwa kuwa mawimbi ya Japani yanadai nguvu kubwa kwa mara moja, lakini simlaumu anayesubiri mizizi ya Oregon.

Kuhusu kujirudia, shaka ni ndogo. Ghuba ya Willapa na mito jirani ina udongo uliofukiwa mara saba katika miaka 3,500. Baharini, maporomoko ya tope yanayosababishwa na mtikisiko huacha matabaka kwenye mifereji ya sakafu ya bahari, na juu ya majivu ya volkano ya Mazama, yaliyoanguka miaka kama 7,700 iliyopita, yapo matabaka 13. Mwaka 1990 mjiolojia John Adams alitoa hoja ninayoipenda kwa usafi wake: mifereji miwili inapoungana, kila mmoja ukiwa na matabaka 13, chini ya muungano ungetegemea 26. Yapo 13. Basi maporomoko yalishuka pamoja, saa ileile, kwa sababu kitu kimoja kiliitikisa mifereji yote.

## Waliosema usiku

Mwaka 1964, Louis Nookmis wa watu wa Huu-ay-aht, kisiwa cha Vancouver, alisimulia habari za Pachena Bay. Ardhi ilitikisika usiku. Maji yakaja upesi mno, watu wa kijiji cha ufukweni hawakupata nafasi ya kufikia mitumbwi, wakafa wote. Waliokaa mahali pa juu walipona.

Usiku. Neno hilo lilikuwa limehifadhiwa na kurekodiwa miaka 32 kabla ya Satake kupiga hesabu yake. Pwani nzima ilikuwa na masimulizi ya jamaa hiyo, mengi yakiwa na Ndege wa Radi akipambana na Nyangumi, milima ikitetemeka na bahari ikipanda. Yaliwekwa kwenye rafu ya ngano. Nilipoandika hapo juu kwamba hakuna aliyeandika, hiyo ni kweli. Kwamba hakuna aliyejua, si kweli.

Kisiwa cha Simeulue huko Sumatra kina neno lake, smong, lililobaki kutoka tsunami ya 1907: nchi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, panda mlimani, usingoje. Desemba 2004 kisiwa kile kilikuwa karibu kabisa na chanzo, na kati ya watu kama 78,000 walikufa saba.

## Upande wetu wa bahari

Tetemeko la Sumatra la 26 Desemba 2004, ukubwa wa 9.1, lilipasua kilomita 1,300. Sehemu ya kaskazini ya mpaka ule ilikuwa imetulia katika maandishi yote yaliyopo, kama Cascadia. Mwaka 2008 ndipo zilipochapishwa habari za mashimo yaliyochimbwa kisiwa cha Phra Thong, Thailand. Chini ya mchanga wa 2004 kulikuwa na mchanga mwingine unaofanana nao, wa miaka kama 550 hadi 700 iliyopita. Ulikuwa pale muda wote, kwa kina anachokifikia mtu mwenye koleo kwa asubuhi moja.

Kwa saa zetu tetemeko hilo lilipiga kabla ya saa kumi alfajiri, na mawimbi yakaanza kufika Somalia kama saa saba baadaye. Karibu watu 300 walikufa Somalia, Hafun ikiumia zaidi. Tanzania walikufa watu wasiopungua kumi, Kenya mmoja. Kenya ilikuwa na muda wa kuondoa watu fukweni, na ilikuwa na bahati ya aina ambayo kila mvuvi anaielewa: mwezi ulikuwa mpevu, siku za bamvua, na mawimbi yalikuta maji yamekupwa. Tofauti ya kupwa na kujaa siku za bamvua Mombasa ni mita tatu na zaidi. Wimbi lilelile, likija saa sita baadaye, lingeanzia juu ya mita hizo tatu.

Kisha kuna Pangani. Mwaka 2020 kundi la watafiti, akiwemo mwanaakiolojia Elinaza Mjema wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lilieleza tabaka la mchanga kwenye Ghuba ya Pangani, la miaka kama 1,000 iliyopita, lililofukia makazi ya Waswahili wa mwanzo. Ndani yake mlikuwa na mabaki ya viumbe wa baharini, vigae vya vyungu, shanga, na mifupa ya watu. Mifupa haikuwa na alama za vita, na haikulala kama waliozikwa. Inaendana na watu waliozama. Hesabu zao za mawimbi zinaelekeza upande wa Sumatra.

Tabaka moja mahali pamoja linathibitisha kwamba ilitokea. Haliwezi kusema mara ngapi. Kwa hilo yanahitajika matabaka mengi ya pwani moja, kama yale saba ya Washington, na hapa kuna kikwazo ambacho Atwater hakukutana nacho kwa ukubwa wetu: kaa. Kwenye tope la baridi la Willapa, mchanga wa sentimita tatu hukaa karne tatu karibu bila kuguswa. Kwenye mikoko, kaa huchimba nusu mita na zaidi, wanapandisha tope na kushusha mchanga mwaka hadi mwaka, na mizizi inamalizia. Anayechimba kwenye mikoko asione mchanga hawezi kusema haukuwahi kuletwa.

Ndiyo sababu Phra Thong hawakuchimba kwenye mikoko. Walichimba kwenye mabonde membamba kati ya matuta ya mchanga, yale yanayobaki nyuma ufuko unaposogea baharini. Maji ya mvua hutuama humo, mboji nyeusi hujengeka taratibu, kaa wa pwani hawafiki, na mchanga mweupe ukiletwa na bahari juu ya weusi ule huonekana hata kabla hujausafisha. Ghuba ya Ungwana nchini Kenya, upande wa mdomo wa mto Tana, ina matuta ya aina hiyo, safu baada ya safu sambamba na ufuko. Pa kuanzia ni kati ya tuta na tuta, mwisho wa kiangazi, maji ya ardhini yakiwa chini kabisa.